Injini Inapotetemeka, Nani Ajuaye Kuiuliza?

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Sina nia ya kuwakosoa wahenga, ila nimejifunza kuwa kuna mgonjwa mmoja ambaye asipoulizwa kwanza, tena kwa makini na kwa lugha anayoimudu tabibu wake, atanyweshwa uji wa kila aina na wala asipone. Mgonjwa huyo ni injini ya gari kuukuu.

Gari ninalolizungumzia ni Datsun 240Z la mwaka 1972, nililolirithi kwa marehemu mjomba wangu aliyekuwa akiishi Mombasa. Vijana wa leo huenda wasilijue, lakini wazee wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hawajalisahau. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiandamana na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na mwenzake Lofty Drews. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na tangu 2021 zimerejea katika mashindano ya dunia zikiwa na makao yake Naivasha. Kwa hivyo, ninapopita na gari hilo katika barabara za mji wetu, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, sikosi mzee wa kunipungia mkono.

Mwaka jana mikono hiyo ilianza kupungwa kwa huruma. Kila niliposimama penye taa za barabarani, gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Kioo cha ndani kilicheza hata nisione lililo nyuma, usukani ukanitikisa viganja, na vitabu vyangu vikaanguka kutoka kitini. Nilipokanyaga mafuta na kuondoka, homa ilipoa. Niliposimama tena, ilirudi.

Yafaa msomaji afahamu kwamba injini ya gari hili ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Wahandisi hukubaliana kuwa mpangilio huo ni miongoni mwa ile iliyotulia zaidi, kwa sababu pistoni zinazopanda husawazishwa na zile zinazoshuka. Injini ya silinda 3 au 4 inaweza kutikisika kidogo kwa maumbile yake, na mwenyewe akavumilia. Injini ya silinda 6 katika mstari mmoja ikitetemeka ilhali gari limesimama, hayo si maumbile. Ni maradhi.

Nililipeleka katika gereji moja kubwa yenye sakafu ya vigae na vijana waliovaa mavazi safi. Jambo la kwanza walilolifanya ni kutafuta tundu la kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Halikuwapo, maana gari hilo liliundwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingizwa katika injini. Hapo wakanyamaza. Hakuna aliyeniuliza neno. Walibadilisha plagi zote sita, kisha koili, kisha raba zinazoishikilia injini juu ya fremu. Raba mpya zilipunguza mtikisiko uliofika mikononi mwangu, nami kwa siku mbili nikadhani nimepona. Kumbe ilikuwa sawa na kumfunika blanketi mwenye homa. Injini yenyewe iliendelea kutetemeka chini ya boneti, na fedha nilizolipa zingetosha karo ya muhula mzima wa mtoto katika shule ya bweni.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, alinishauri niende kwa mzee fulani aliye na kibanda cha mabati upande wa Bondeni. Mzee huyo amefanya kazi ya umakanika kwa zaidi ya miaka 40. Nilimkuta ameketi juu ya tairi, na kijana wake wa kazi akisafisha kabureta kwa brashi.

“Shikamoo, mzee,” nilisema.

“Marahaba, mwalimu. Kabla hujafungua boneti, hebu nieleze. Linatetemeka lini?”

Maswali yalifuatana kama ya wakili. Je, linatetemeka likiwa baridi, au likiwa moto, au nyakati zote? Ukiliongeza mafuta likiwa limesimama, mtikisiko unapungua au unazidi? Je, ulianza ghafula au uliingia polepole? Linakula mafuta kuliko zamani? Ni nani aliyeligusa mwisho, naye aligusa nini? Likiwa linakwenda, mtikisiko uko kwenye kiti au kwenye usukani?

Sikujua wakati ule kwamba kila swali lilikuwa likifunga mlango mmoja. Alinieleza baadaye. Mtikisiko unaotokea gari likiwa linakwenda tu, aghalabu hutoka kwenye magurudumu au kwenye shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Mtikisiko unaozidi kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, hata gari likiwa limesimama, humfanya fundi ashuku kitu kinachozunguka kisicho sawa, kama vile feni, puli ya mbele au gurudumu zito la klachi. Lakini mtikisiko unaokuwapo injini ikizunguka polepole na kutoweka ukikanyaga mafuta ni habari nyingine. Huo humwambia fundi kwamba silinda hazifanyi kazi kwa usawa. Ama moto hauwaki sawasawa, ama mchanganyiko wa hewa na mafuta umeharibika, ama kuna silinda iliyopoteza mgandamizo.

Baada ya maswali, mzee aliweka sikio. Aliamuru injini iwashwe, akaenda nyuma na kutega kiganja penye bomba la moshi. “Sikia,” akaniambia. “Haisemi pu-pu-pu-pu. Inasema pu-pu-pu, kisha inameza.” Akashika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba. Karatasi ilisukumwa nje wakati wote, wala haikuvutwa ndani hata mara moja, naye akasema valvu huenda hazijaungua. Kisha kijana wake akachukua koleo lenye mpini wa mpira, maana umeme wa plagi hauna mzaha, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Alipochomoa ya kwanza, ya pili na ya tatu, injini ilidhoofika waziwazi. Alipochomoa ya nne, ya tano na ya sita, haikubadilika sana.

Nilidhani sasa wataniambia ninunue plagi nyingine tatu. Mzee akatabasamu.

“Mwalimu, watoto watatu wakiumwa na tumbo siku moja, usianze kuwapasua watoto. Chungulia chungu.”

Silinda tatu za nyuma zilikuwa zikipakuliwa kutoka chungu kimoja. Gari hilo lina kabureta mbili, ya mbele ikilisha silinda tatu za kwanza na ya nyuma ikilisha tatu za mwisho. Plagi zilipofunguliwa ushahidi ukajipanga: tatu za mbele zilikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoelekea weusi, na tatu za nyuma zilikuwa nyeupe kama chaki. Weupe ni dalili ya hewa nyingi na mafuta machache. Weusi ni kinyume chake. Nami nikaeleza kuwa gari lilitoka Mombasa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu hapa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Kabureta iliyorekebishwa ufuoni huelekea kumimina mafuta mengi mno ikipandishwa Bonde la Ufa. Weusi kidogo wa plagi za mbele ulikuwa na maelezo yake. Lakini je, weupe wa zile za nyuma?

Hapo kijana akachukua mpira mwembamba wa maji, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha kwenye mdomo wa kila kabureta, akilinganisha mivumo yake. Kisha akautembeza polepole chini, pale kabureta inapoungana na njia ya hewa ya injini. Akasimama. “Mzee, huku inasema fyuuu.” Akachovya brashi katika maji ya sabuni, akapaka mahali hapo. Kwa nukta chache injini ikatulia, sauti yake ikawa laini, kisha maji yalipomezwa homa ikarudi. Gasketi ya kabureta ya nyuma ilikuwa imepasuka, na hewa isiyopimwa ikawa inaingia kwa mlango wa nyuma. Injini inapozunguka kwa kasi, hewa hiyo ya wizi ni kidogo ikilinganishwa na ile inayovutwa kihalali. Injini inapopunguza mwendo, wizi huo mdogo unatosha kuwafisha njaa watoto watatu.

Kijana alikata gasketi mpya kutoka karatasi ya gasketi, akiigonga kwa nyundo ndogo juu ya ukingo wa chuma mpaka ikajichora yenyewe. Baadaye mzee alizirekebisha kabureta zote mbili zivume kwa sauti moja na kuafiki hewa ya Nakuru. Gharama yake naona haya kuitaja, maana ilikuwa chini ya bei ya plagi nilizouziwa bure.

Msomaji mpendwa, kama kisa hiki kingeishia hapo, ningekuwa nimekupa soko la fundi mwema na basi. Lakini nilipokuwa nikinywa chai ya maziwa pale kibandani, nilizungumza na yule kijana. Ana miaka 23, na amefanya kazi na mzee kwa miaka 6. Ndiye aliyeisikia ile fyuuu. Akaniambia kwamba alikwisha kufanya mtihani wa ufundi wa magari ili apate cheti, akapita sehemu ya vitendo na kuanguka ile ya maandishi. Nilimwomba anieleze swali moja lililomshinda.

Swali lilimtaka ataje sababu nne za hali ambayo Kiingereza huitaja kwa maneno mawili. La kwanza ni neno lenye maana ya kitu kilichoparuza, kama barabara mbovu. La pili ni neno ambalo kijana alilijua kwa maana moja tu, nayo ni kukaa bure bila kazi. Akafikiri, akaamua kuwa swali lahusu gari lililoachwa muda mrefu bila kutumika. Kwa hivyo akajibu vizuri sana: betri hufa, magurudumu hubonyea upande mmoja, mafuta ya petroli huchacha, na panya hutafuna waya. Alipata sufuri.

Swali hilo lilikuwa likiuliza kuhusu maradhi yaleyale ya gari langu.

Nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi, na nakiri kwamba limeninyima usingizi kuliko ile homa ya Datsun. Mtihani ule haukupima kama kijana anajua kwa nini injini hutetemeka ikiwa imesimama. Ulipima kama anajua kwamba Waingereza hulitumia neno la uvivu kuitaja injini inayozunguka bila kuvuta mzigo. Hayo ni maarifa ya isimu. Ningeyauliza mimi darasani, tena katika mwaka wa tatu wa shahada.

Nasi tulio katika taaluma ya lugha tusijitie hamnazo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za isimu na lugha. Wanaisimu tukapata fonimu zetu, mofimu zetu na sintaksia yetu, tukafurahi. Taasisi hiyohiyo ikawafikiria walimu wa biolojia, fizikia na kemia. Fundi wa kibandani je? Serikali ilimtambua kwa jina: waraka rasmi wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogondogo ulilitia neno jua kali katika kichwa chake. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wamekwisha kumwandikia ripoti nzima mwaka 1972, wakiiita kazi yake sekta isiyo rasmi. Nadhani neno hilo, isiyo rasmi, limetushika vibaya. Tumedhani kuwa kwa kuwa kazi yake si rasmi, basi na maneno yake si maneno.

Hebu tuyatazame maneno hayo. Usukani ni neno la mabaharia, lililohama kutoka jahazini likaingia garini. Gari lenyewe limetoka Bara Hindi. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Spana, plagi, gia na klachi tumezipokea kwa Waingereza tukazivika irabu. Hali ile ya injini kuzunguka gari likiwa limesimama, mafundi wengi wa Tanzania huiita sailensa, nao husema gari halina sailensa likitetemeka au likizimika. Mzee wangu wa Bondeni huiita pumzi ya kusimama. Sijui kamati ya istilahi ambayo ingeketi wiki nzima na kuzua neno zuri kuliko hilo.

Kuna na jingine. Shuleni hufundisha tanakali za sauti kama pambo la insha: mtungi umeanguka pa, mtoto amelia kwikwikwi, mwanafunzi amepata alama mbili za ziada. Kibandani tanakali ni chombo cha kazi kama bisibisi. Tikitiki nyepesi kutoka juu ya injini ni valvu zinazohitaji kupimwa nafasi. Ngo-ngo-ngo nzito kutoka chini, inayozidi gari likivuta mzigo, ni beringi zilizolika, na dereva azime injini mara moja. Fyuuu ni hewa inayoibwa. Pu-pu-pu iliyomeza ni silinda isiyowaka. Huo ni msamiati wa uchunguzi, wenye mipaka na maana, unaorithishwa kwa sikio kutoka mzee hadi kijana. Hakuna mahali umeandikwa. Mzee akifa, unazikwa naye.

Yamkini msomaji ataniuliza, je, mashine ya kompyuta haijaimaliza kazi hiyo? Haijaimaliza. Magari ya siku hizi husomeka kwa mashine, na ni jambo jema. Ikitokea msimbo P0304, fundi hujua mara moja kuwa silinda ya nne inakosa kuwaka. Lakini msimbo hausemi kwa nini. Yaweza kuwa plagi, koili, nozeli ya mafuta, hewa inayovuja au valvu iliyoungua. Baada ya msimbo, bado yahitajika akili ya kuuliza na sikio la kusikiliza, vinginevyo fundi atabadilisha vipuri kimoja kimoja mpaka abahatike, na mwenye gari ndiye alipiaye bahati hiyo. Nami ni shahidi.

Wako watakaosema kuwa vitabu vya magari vimeandikwa kwa Kiingereza na kwamba fundi asiyekijua ataachwa nyuma. Hoja hiyo ina uzito wake, nami simshauri kijana yeyote aache kujifunza Kiingereza. Lakini ikumbukwe kuwa walioiunda Datsun yangu walikuwa Wajapani, na hawakungoja wakimudu Kiingereza ndipo waunde injini. Walijifunza lugha za kigeni ili wauze magari. Ufundi waliujifunza kwa lugha yao. Kumfundisha mtu Kiingereza ni jambo moja. Kumnyima cheti cha ufundi kwa sababu ya Kiingereza ni jambo jingine kabisa.

Tena sheria haitufungi mikono. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kuna kizuizi gani cha kuchapisha karatasi ya mtihani wa ufundi kwa lugha zote mbili, swali kwa Kiingereza upande huu na kwa Kiswahili upande ule, mtahiniwa ajibu kwa ile anayoimudu? Hatumwombi mtahini apunguze ugumu wa mtihani hata chembe. Tunamwomba aulize anachotaka kukijua.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo zaidi, lisilohitaji bunge wala bajeti. Wapelekeni wanafunzi wenu katika vibanda vya jua kali vilivyo karibu na shule, Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na kwingineko, wakiwa na daftari. Wakusanye majina ya vipuri, ya zana, ya maradhi na ya milio. Wamuulize fundi maana, wasimsahihishe. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba istilahi hutungwa jijini na kuteremshwa kama mvua. Istilahi iliyotungwa mbali na kazi hubaki kwenye kamusi ikikusanya vumbi. Ile iliyozaliwa kazini huishi. Wala tusisahau kuwa fundi, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Lugha yetu ilijua kwamba watu hawa ni ndugu kabla ya sisi kuwatenganisha kwa ukuta wa vyeti.

Datsun yangu sasa imetulia. Nikisimama penye taa, kikombe cha chai hakimwagiki. Yule kijana wa Bondeni anajiandaa kurudia mtihani, nami humfundisha Kiingereza cha magari kila Jumamosi alasiri, naye kwa malipo hunifundisha kusikiliza. Nina hakika atapita safari hii. Linaloniuma ni wale wasio na mhadhiri mwenye gari bovu.